Alhamisi za Jogoo Chongo

Puebla, 18 Februari 1995

Kaka Evodio,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima, mume wangu Abundio mzima isipokuwa mgongo, na mama anaendelea na lile goti lake ambalo humuuma akitumwa dukani na kupona akitaka kutoka. Mlima wa moto umeacha kutunyunyizia majivu tangu mwanzo wa mwezi, ila shuka bado naanika ndani maana siuamini. Makopo ya samaki uliyotuma yalifika, mawili yamebonyea. Abundio ameyamaliza peke yake na anasema asante.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa kwanza.

Juzi Alhamisi gesi iliniishia, maharage hayajaiva hata nusu, na Abundio yuko njiani na njaa yake. Nikasema leo tutakula vya kununua, nikaenda Jogoo Chongo. Wewe hupajui, palifunguliwa baada ya kuondoka kwako, kwenye kona ya kituo cha mabasi ya Cholula, pale alipokuwa fundi viatu. Ukumbi mdogo, meza za bati, na ukutani jogoo wa jicho moja aliyechorwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kumwona jogoo. Don Chon mwenyewe husimama mlangoni na ule mnara wa nyama unaozunguka mbele ya moto. Anakata vipande vyembamba, anavidondosha kwenye mkate bapa, ndimu, pilipili ya moshi, anakunja, kwisha. Mimi na Abundio hula pale Jumapili. Siku ya kazi sikuwahi kukanyaga.

Nikaagiza taco sita za kufungiwa, nikageuka kutafuta pa kungojea. Mama alikuwa meza ya mwisho, karibu na sinki.

Mama yetu, Evodio. Huyu anayesema kula barabarani ni kwa watu wasio na jiko. Huyu ambaye kila Alhamisi saa saba hujitupia mtandio mweusi akatuaga kwamba anakwenda rozari ya wajane. Ana sahani mbele yake, pilipili imemchirizika kidevuni, na anacheka. Wewe mara ya mwisho ulimwona mama akicheka mpaka meno yakaonekana lini? Mkabala naye mwanamume, mgongo wake kwangu, kofia ameiweka gotini. Nikajisemea, haya, mama kapata mchumba na miaka yake sitini na sita. Nakuambia ukweli wa Mungu, nilikaribia kufurahi.

Kisha yule bwana akageuka kuomba chumvi meza ya pili.

Ni Teódulo Cuautle.

Sijamfananisha. Siku nne nilikaa mahakamani nyuma yake nikilitazama lile sikio lililokatika ncha, nikimwombea mabaya. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini sikio ni lile lile. Ndiye dereva wa lori la matofali aliyewagonga na pikipiki yenu. Ndiye aliyetuulia ndugu yetu Macario na miaka yake kumi na tisa, akakuvunja wewe mguu mahali pawili. Na mama akachukua kipande cha ndimu kutoka sahani yake, akamkamulia kwenye chakula, hivi hivi anavyotukamulia sisi watoto wake.

Nilitoka bila kuchukua nilichoagiza. Don Chon aliniita mpaka kona ya barabara. Sikugeuka.

Mama alirudi saa kumi na kusema leo rozari ilikuwa ndefu. Nilimtazama mdomo tu. Sijamwambia neno, wala Abundio sijamwambia. Wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyekuwa barabarani siku ile. Niambie nifanye nini, na unijibu upesi, maana sasa ananikorogea chai hapa na barua hii naifunika kwa mkono.

Dada yako,
Leocadia


Ensenada, 29 Machi 1995

Mdogo wangu Leocadia,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi sijambo. Kiwandani kazi ni nyingi, meli zimeleta samaki wengi kuliko mwaka jana na wamenihamishia kwenye mashine za kufunga makopo. Kelele zake ni kubwa, lakini harufu ni afadhali. Hali ya hewa ni nzuri. Asubuhi kuna ukungu, mchana unaondoka. Mwenye nyumba wangu amenunua mbwa.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako niliipata, nikawa na shughuli.

Kuhusu jambo uliloandika, mimi naona umefananisha. Imepita miaka tisa tangu kesi. Watu wenye masikio mabovu ni wengi, hasa madereva. Na hata kama ndiye, mama ni mtu mzima, hajakosea kwa kula. Kuna watu wa kanisa wanaowatembelea waliotoka gerezani, huenda ni mambo hayo hayo. Nakushauri umwache. Usimuulize, usimfuate, na usiende tena mahali hapo Alhamisi. Nenda Jumapili na Abundio kama mlivyozoea.

Nawatumia makopo mengine, safari hii nimeyazungushia magazeti.

Mwaka huu sitaweza kuja Pasaka. Likizo yangu wamempa mwenzangu aliyefiwa.

Kaka yako,
Evodio

Walipokuwa wakiongea, je, uliwasikia wakinitaja?


Puebla, 30 Aprili 1995

Kaka Evodio,

Salamu. Makopo yamefika salama, hongera kwa magazeti. Pasaka ilipita vizuri, mama alipika maboga ya sukari, akatenga lako kama kila mwaka, na kama kila mwaka Abundio alilila Jumatatu. Mbwa wa mwenye nyumba wako nimefurahi kumjua.

Barua yako nimeisoma mara tano. Mtu akiambiwa kwamba mama yake anakula meza moja na aliyemuua ndugu yake, atauliza: kwa nini? Tangu lini? Umeona sawasawa? Wewe umeniandikia juu ya ukungu. Halafu pale chini, baada ya jina lako, kwa maandishi madogo kama ya mwizi, ndipo ukauliza unachotaka kujua. Hapana, sikuwasikia wakikutaja. Nilikuwa mbali.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilikwenda kukaa karibu.

Niliwakuta wameanza. Nikavuta kiti, nikakaa bila kusalimu. Mama hakushtuka. Alinisogezea sahani yake, akaniambia, "Kula, nyama inapoa."

Yule mzee alisimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nikamwambia, "Wewe unajua mimi ni nani?"

"Najua, binti. Ulikuwa ukikaa benchi la nyuma yangu."

Evodio, sikujua nina nini ndani yangu mpaka siku hiyo. Glasi ya mama ya maji ya ukwaju ilikuwa imejaa. Nilimmwagia yote usoni. Watu wakageuka, Don Chon akabaki na kisu hewani na nyama ikizunguka peke yake. Nilimwita muuaji. Nilimwambia ndugu yangu anaoza makaburini San Baltazar na yeye anaokota vitunguu kwenye sahani ya mama wa Macario. Mengine siwezi kuyaandika, padre mwenyewe aliniomba nipunguze sauti nilipomsimulia.

Mzee alichukua karatasi za kufutia mikono, akajifuta macho, akafuta na meza. Kisha akamgeukia Don Chon akasema polepole, "Mletee binti glasi nyingine, hiyo ilikuwa ya mama yake."

Hapo nilitaka anipige. Ningejua la kufanya.

Mama alikuwa ametulia tuli. Nikamuuliza mbele ya watu wote, mama, huyu mtu anakulisha nini, amekuroga? Akanijibu bila kuinua macho, "Usiniulize mimi. Muulize Evodio."

Basi, nakuuliza. Sitaki samaki. Sitaki habari za mbwa. Nakuuliza kama dada.

Mama tangu siku hiyo amehamishia kitanda chake chumba cha nyuma ili goti lisipande ngazi, na tunaongea mambo ya chumvi na sabuni tu.

Leocadia


Ensenada, 3 Juni 1995

Leocadia,

Mistari michache tu, niko kazini. Barua yako ya Aprili sijaipata, posta ya huku ni mbovu sana, kwa hiyo kama uliniuliza jambo usidhani nimekupuuza. Mimi mzima. Nawatumia blanketi kwa ajili ya mama, chumba cha nyuma kina baridi na goti lake halitaki baridi.

Evodio


Puebla, 25 Juni 1995

Evodio,

Blanketi limefika. Niambie, barua ambayo hukuipata ilikwambiaje kwamba mama amehamia chumba cha nyuma?

Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za matusi juu ya hilo. Nimezichana, maana tangu hapo nimeambiwa mambo na hasira imenikauka yote. Sijui hata nina nini badala yake.

Utakuwa umesikia habari za tetemeko la tarehe kumi na tano. Sisi tumepona. Ukuta wa jikoni umepasuka kutoka dirishani mpaka sakafuni, msalaba wa kanisa umeinama, na jirani zetu wawili wanalala kwenye gari lao mpaka leo. Kulipokucha nilimkuta mama ameketi kwenye kibaraza na blanketi lako mabegani, amejaa vumbi la chokaa. Aliniambia, "Keti. Jana nilidhani nakufa, na nilichokiwaza ni kwamba wewe utabaki unamchukia mtu asiye na kosa."

Nakuandikia alivyoniambia, sijaongeza neno.

Oktoba ile, ulipokuwa hospitali na mguu umening'inizwa, ulipata homa siku tatu. Mimi nilikuwa nashughulika na mazishi ya Macario. Mama ndiye aliyekuwa kwako. Anasema ulikuwa ukiongea macho yamefumba. Ulisema, "Nilidhani pengo litanitosha." Ulisema, "Basi lilikuwa linakwenda polepole, Macario, nilidhani nitalipita." Ulimwomba Macario ateremke kwenye pikipiki. Ulirudia siku nzima, tena na tena, basi, lori, nilidhani litanitosha. Mama alifunga mlango wa chumba ili muuguzi asisikie.

Kisha ulipona, ukaenda mahakamani kwa magongo, na ukasema ulichosema. Yule mzee alisema lake na hakuna aliyemsikiliza. Na mama alikuwa ameketi pale pale, Evodio. Kando yangu. Nilikuwa nimemshika mkono.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Alisema, "Nilikuwa na wana wawili. Mmoja nilikuwa nimemzika. Nikifungua mdomo, wa pili anakwenda jela na mguu haujaunga. Nikachagua. Usinitafutie maneno, nimekwisha kujiambia yote."

Miaka yote minne ya kifungo cha yule mzee alijua. Akipika alijua, akisali alijua. Mimi nilikuwa nikimlaani yule mtu mezani kabla ya chakula na mama ananipakulia.

Mzee alipofunguliwa, amepunguziwa miaka miwili kati ya sita, mama alikwenda kumtafuta Cholula kwenye tanuru za matofali. Mzee alimfukuza. Wiki iliyofuata akaenda tena, akafukuzwa tena. Mara ya tatu alimwambia kila kitu, homa, basi, mlango alioufunga, akamwambia yuko tayari kwenda kwa hakimu siku hiyo hiyo. Don Teódulo aliketi juu ya matofali, akamwambia, "Neno hilo si lako kulitoa, mama. Wewe hukuwepo. Mwenye nalo yupo."

Mama akamuuliza, basi mimi nikufanyie nini? Akasema hakuna. Halafu, wakati mama anaondoka, akamwambia kwamba kule gerezani siku ya wageni ilikuwa Alhamisi. Mkewe alichukua watoto mwaka wa kwanza akaenda kwao Veracruz, hakutaka kuwa mke wa muuaji. Na yeye kila Alhamisi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akakaa kwenye benchi la wageni kuanzia saa saba mpaka kengele. Miaka minne. Hakuja mtu hata mmoja.

Mama alimwambia, "Basi Alhamisi nitakuja mimi."

Nyumbani hakuweza kumleta kwa sababu yangu. Wakachagua Jogoo Chongo, karibu na basi lake. Ni mwaka wa tano sasa. Yeye hula taco tatu, mama mbili, na anasema mwanzoni walikuwa hawaongei kabisa, wanakula na kuagana.

Nimemwagia usoni mtu huyo, Evodio. Na alifuta meza.

Niambie ni uongo. Niambie ilikuwa homa, watu huota. Nitakuamini, naapa, nimezoea kukuamini.

Dada yako


Ensenada, 4 Septemba 1995

Leocadia, dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nakusalimu tu.

Si homa.

Barua yako niliisomea barabarani, kwenye kibanda ninapokula mchana. Huku taco ni za samaki, tunakula wima, na mwenye kibanda ananijua kwa sura tu. Nilipofika pale mama alipofunga mlango, niliketi kwenye ukingo wa njia na sahani mkononi. Yule mama wa kibanda alitoka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, miaka kumi iliyopita. Akanitazama kama mwendawazimu, akaniletea maji.

Mama alijua. Sijui kama unaelewa, Leocadia. Mimi nilikimbia ili asijue. Kila Pasaka niliyokosa, kila likizo niliyosema wamempa mwenzangu, hakuna mwenzangu aliyefiwa, nilikuwa naogopa atanitazama uso ataona. Kumbe alikuwa ameona kabla mimi mwenyewe sijafumbua macho. Miaka tisa nimeishi katika chumba hiki nikificha kitu kwa mtu aliyekuwa nacho mkononi.

Nitakuandikia ilivyokuwa, sijawahi kuiandika. Tulitoka Cholula, pikipiki mimi ndiye niliyeiendesha. Basi lilikuwa mbele yetu, linatoa moshi. Macario alinifinya mbavu kunizuia, hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya. Nikacheka, nikatoka kwenda upande wa pili. Lori lilikuwa limekuja. Yule mzee alikuwa upande wake. Alipiga honi, akalipeleka lori mtaroni kutukwepa, matofali yakamwagika barabarani kote, na bado pengo halikunitosha. Nilikuwa nimelala, namwona amepiga magoti, ameweka koti lake chini ya kichwa cha Macario. Alikuwa akimwambia, "Niangalie mimi, mwanangu, niangalie mimi." Hilo nililiona kwa macho yangu, na miezi mitano baadaye hakimu akaniuliza lori lilikuwa upande gani.

Nikasema upande wetu. Maneno mawili. Nilidhani watamtoza faini. Naapa nilidhani faini. Walipotaja miaka sita nilikuwa nimekwisha kata tiketi ya kuja huku.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeikunja peke yake. Ni ya yule mzee. Imenichukua tangu Julai. Sina haki ya kukutuma, lakini nakuomba umpelekee. Nakala yake nimempelekea wakili wa huku, kijana wa chama cha wafanyakazi, na amenionya yanayoweza kunipata. Nimemwambia aendelee.

Usinijibu kama hutaki. Mwambie mama... hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Evodio


Puebla, 15 Oktoba 1995

Evodio,

Sisi wazima. Ukuta wa jikoni umezibwa, Abundio kaziba mwenyewe na inaonekana. Nilikaa na karatasi yako mwezi mzima kwenye droo ya leso. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko nilivyopata kuwa na hasira na mtu yeyote, na siku nyingine nilikuwa nakulilia, na siku moja niliishika bahasha ile juu ya moto wa jiko kabla ya kuirudisha. Kona moja imeungua kidogo. Ujue tu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda na mama. Mimi ndiye niliyembebea mkoba.

Don Teódulo alikuwa amekwisha kufika. Aliponiona alisimama, akaitazama glasi ya mama, akasema, "Binti, leo nimevaa shati la zamani." Nilitaka kucheka nikalia. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, yakatoka mawili tu. Akaniambia nikae, na Don Chon akaleta sahani bila kuulizwa, akarudi mlangoni akajifanya ananoa kisu.

Nikampa karatasi. Aliigeuza geuza, akaniambia macho yake siku hizi hayafai, nimsomee. Nadhani hajui kusoma. Basi nikasoma mimi, Evodio. Nilisoma maungamo ya kaka yangu kwa sauti, kwenye meza ya bati, kati ya figili na pilipili, na mama ananisikiliza kando yangu kama mahakamani. Jina lako kamili, tarehe, barabara. Nikafika pale ulipoandika: "Wewe ulikuwa upande wako wa barabara. Mimi ndiye niliyekuja upande wako, na nilijua siku ile, na nilijua nilipomwambia hakimu vingine."

Mzee hakusogea. Nilimaliza yaliyobaki, yale ya koti na yale ya kuomba radhi, na sikuona kama aliyasikia. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye sahani yake. Mwisho akasema, "Soma tena pale kwenye upande."

Nikasoma tena.

"Tena, binti."

Mara ya tatu nilikuwa naijua kwa moyo, niliisema huku namtazama yeye. Midomo yake ilikuwa inafuata yangu. Kisha aliichukua karatasi, akaikunja ndogo, akaiweka mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kifungo kilimsumbua, mama akanyoosha mkono akamfungia.

Nikamuuliza nikujibu nini. "Mwambie nimesikia," alisema. "Kusamehe sijui. Huko sijafika. Lakini nina mtoto wa kike Veracruz, ana miaka ishirini sasa, karatasi hii nitampelekea aisome."

Baada ya hapo alikula. Alikula tano, Evodio. Mama anasema hajawahi kumwona akipita tatu.

Tukiwa njiani kurudi mama alisimama mbele ya duka la mishumaa akashika goti. Nilidhani anaumwa. Akaniuliza basi la kutoka Ensenada huchukua siku ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema, "Basi akipanda Jumatatu anawahi."

Mimi sikuahidi chochote kwa niaba yako, wala kwa niaba ya wakili, wala ya hakimu. Sijui watakufanyia nini. Nakuandikia ninachokijua. Tunafika saa saba. Tunakaa meza ya mwisho, karibu na sinki. Sisi tuko watatu na meza zile zina viti vinne.

Leocadia